Nyumba ya Kupanga, Namba 97

Ngazi za nyumba namba 97, Mtaa wa Orchard, zinalia. Unakanyaga kipandio cha pili kinalia, unakanyaga cha tano kinalia zaidi, na mkiwa watu kumi na wawili mnaopanda mmoja nyuma ya mwenzake, kama tulivyokuwa asubuhi ile, korido nzima inapiga kelele kama banda la kuku lililoingiliwa na kicheche. Mwongozaji wetu, dada mmoja mwenye sauti ambayo ingeendesha kipindi hiki bila maikrofoni, alitusihi tusiegemee kuta. Kuta zimechoka, alisema. Kisha akazima taa.

Msikilizaji, ilikuwa saa nne asubuhi, nje jua linawaka, magari yanapita, watu wanakunywa kahawa barabarani. Ndani ya korido ile sikukiona kiganja changu. Alituacha hivyo kama nusu dakika. Watu wakacheka kile kicheko cha woga, mtoto mmoja akamwita mama yake. Taa ilipowaka, yule dada akasema: hivi ndivyo walivyopanda, na ndoo ya maji mkononi.

Nipo New York, katika makumbusho ya wahamiaji ambayo hayana sanamu, hayana taji la mfalme, hayana hata kiti kimoja cha mtu maarufu. Ni nyumba ya kupanga. Wameiacha kama ilivyokuwa, wakaweka tiketi mlangoni.

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye aliyenipokea katika jiji lile na kunilaza sebuleni kwake kule Bronx. Alikuwa na mpango wake: kwanza Sanamu ya Uhuru, kisha Kisiwa cha Ellis, kisha picha za kutuma nyumbani. Nilipomwambia nataka kuanza na Mtaa wa Orchard, na nikamweleza kuna nini, aliweka kikombe chini.

"Shemeji, umekaa angani siku nzima kutoka Dar es Salaam, uje kuangalia vyumba vya kupanga? Si ungebaki Manzese?"

"Vya Manzese navijua, shemeji."

"Basi na hivyo unavijua."

Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Nitafika huko.

Kisiwa cha Ellis tulikwenda siku ya pili yake, na sina ubaya nacho. Zaidi ya watu milioni 12 walipita pale kati ya 1892 na 1954, na ukisimama katika ule ukumbi mkubwa unaelewa kwa nini watu wanalia. Lakini pale ni langoni tu. Mtu anapita lango siku moja. Kodi anailipa kila mwezi. Mimi ni mjukuu wa mama mwenye nyumba wa Kariakoo. Nilikua nikipelekwa mlango kwa mlango tarehe ya mwisho wa mwezi, "nenda kamwambie baba fulani bibi anamsalimia," na kila mtu alijua salamu ile maana yake nini. Nikisikia pana nyumba duniani ambamo wapangaji wamewekewa makumbusho, nitapita wapi?

Aliyeijenga alikuwa fundi cherehani, Mjerumani mhamiaji, jina lake Lukas Glockner. Mwaka ulikuwa 1863, Wamarekani wanauana katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na yeye na washirika wake wakaona faida iko kwenye matofali kuliko kwenye sindano. Eneo lile la upande wa chini wa kisiwa cha Manhattan lilikuwa limejaa Wajerumani kiasi cha kuitwa Ujerumani Ndogo. Akaweka ghorofa tano, familia nne kila ghorofa, maduka chini, na katika moja ya vyumba vile vya chini Mjerumani mwenzake, John Schneider, akafungua kilabu cha bia kilichodumu tangu 1864 hadi 1886. Glockner mwenyewe alihamia humo na familia yake. Hilo nililipenda. Mwenye nyumba anayepanga foleni ya choo kimoja na wapangaji wake hawezi kusema choo hakina shida.

Maana choo kilikuwa uani. Bomba la maji uani. Kila familia ilikuwa na vyumba vitatu: sebule mbele, jiko katikati, na chumba cha kulala nyuma ambacho ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Vyote vitatu pamoja ni kama mita za mraba 30. Dirisha la kuona nje lilikuwa sebuleni tu. Jiko halioni jua, chumba hakioni jua, korido ndiyo hivyo nimekwambia. Nikiwa nimesimama pale jikoni nikawa naihesabu nyumba ya bibi: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, korido katikati, uani jiko na choo na vile vyumba vya ziada. Ni nyumba ileile, msikilizaji. Ya kwetu imelala chini, ya kwao imesimama wima.

Sheria zilikuja polepole. Ya mwaka 1867 ilitaka angalau choo kimoja kwa kila watu 20. Ile kali ilikuja 1901: choo cha ndani kwa kila familia mbili, mwanga koridoni, na hewa ipite hadi vyumba vya ndani. Wenye nyumba wa New York walikwenda mahakamani kuipinga, wakashindwa. Namba 97 ilipata vyoo vya ndani kama mwaka 1905, viwili kila ghorofa, na kwenye kuta za ndani wakatoboa madirisha kati ya chumba na chumba. Bado yapo. Ni kitu cha ajabu kidogo, dirisha linalotazama jikoni, lina fremu na vioo vyake kamili.

Na sheria ndiyo iliyoifunga nyumba pia. Mwaka 1935 masharti ya kuzuia moto yalikuwa yamezidi, ngazi za mbao hazikubaliki tena, na mwenye nyumba wa wakati huo akapiga hesabu: kutengeneza ni ghali kuliko kuwafukuza wapangaji. Akawatoa. Maduka ya chini yakaendelea, juu kukafungwa. Kwa miaka 53 hakuna aliyelala mle. Karatasi za ukutani zikabambuka tabaka juu ya tabaka, mtu akitaka leo anaweza kuzihesabu kama pete za mti.

Mwaka 1988 wanawake wawili, Ruth Abram na Anita Jacobson, walikuwa wakitafuta mahali pa kuanzisha makumbusho ya wahamiaji. Walikwisha kukata tamaa ya kupata nyumba nzima ya zamani. Wakaridhia duka la mbele tu liwe ofisi. Nyuma ya duka kukawa na mlango, na nyuma ya mlango ile korido na zile ngazi. Inakadiriwa watu 7,000 waliishi namba 97 kati ya 1863 na 1935, wametoka nchi zaidi ya 20. Elfu saba, katika nyumba moja ya ghorofa tano. Si kwa mpigo, bila shaka, ingawa ukisimama katika chumba cha kulala ukaambiwa familia ya watu wanane ilikaa hapa, unaanza kushuku.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Watu 7,000 wasiokuwa na kitu: utawajuaje? Hawakuandika shajara. Hawakuchorwa. Wengi wao hawakuwa na fedha ya picha. Nilimwuliza yule dada swali hili wakati wengine wakipiga picha sinki, naye akanijibu kwa kutuingiza kwenye sebule ya mwanamke anayeitwa Nathalie Gumpertz.

Nathalie alitoka Prussia ya Mashariki. Mumewe, Julius, alikuwa kwenye kazi ya viatu. Mwaka 1873 uchumi wa Marekani ulianguka, kazi zikawa za kubahatisha, na tarehe 7 Oktoba 1874 Julius aliondoka nyumbani asubuhi kama anakwenda kazini. Hakurudi jioni ile, wala jioni nyingine yoyote. Akamwacha mkewe na watoto wanne, wa mwisho bado mchanga, na yule mdogo hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Nathalie akaanza kushona nguo za wanawake pale sebuleni, kwenye lile dirisha moja lenye mwanga. Cherehani ipo. Kitambaa kipo juu yake, kimefika nusu.

Lakini si cherehani iliyotupa habari zake. Mwaka 1883 zilikuja habari kutoka Ujerumani kwamba baba yake Julius amefariki na amemwachia mwanawe urithi, dola 600. Mke hawezi kuzigusa mpaka mahakama ikubali kwamba mumewe amekufa. Basi Nathalie, mwanamke ambaye kwa miaka tisa alikuwa si mjane wala si mke, akaenda kuapa mbele ya mahakama. Siku gani aliondoka, alisema nini, ulimtafuta wapi. Yote yakaandikwa. Akapewa zile fedha, na baada ya muda akahama na binti zake kwenda upande wa juu wa kisiwa, mtaa wa Yorkville, kwenye hewa bora kidogo.

Angekuwa Julius amerudi jioni ile na mkate mkononi, tusingejua jina lake wala la mkewe.

Nikaanza kuangalia nyumba nzima kwa jicho hilo. Harris na Jennie Levine, Wayahudi kutoka Płońsk huko Poland, waligeuza sebule yao kuwa karakana ya kushonea magauni. Wafanyakazi watatu, mtoto anatambaa chini ya meza, na yule wa kupiga pasi amesimama jikoni karibu na jiko la makaa, hata katika joto la Julai, maana pasi haipati moto penginepo. Wamejulikanaje? Mkaguzi wa viwanda alibisha hodi katika miaka ya 1890, akaandika kwenye daftari la serikali karakana imekaa vipi na wafanyakazi ni wangapi. Familia ya Moore, Waayalandi, Joseph na Bridget: wamejulikanaje? Aprili 1869 mtoto wao, Agnes, wa miezi mitano, alikufa kwa utapiamlo, na cheti cha kifo kikaandikwa. Yaelekea ni maziwa. Maziwa yaliyouzwa kwa maskini mjini siku zile yalitoka kwa ng'ombe waliolishwa machicha ya viwanda vya pombe, yakatiwa maji, yakatiwa chokaa yaonekane meupe. Katika chumba kile wameweka jeneza dogo juu ya meza. Kundi letu lote lilinyamaza. Bwana mmoja mnene aliyekuwa akitania tangu tulipoanza alivua kofia.

Tajiri huandikwa siku ya arusi yake. Maskini huandikwa siku alipofiwa, aliposhitakiwa, alipodaiwa, alipokimbiwa. Kama hakupatwa na balaa lolote, kama alilipa kodi, akala, akalala, akazeeka, basi amepita. Nyumba namba 97 imejaa watu waliopatwa. Wale waliofaulu kuishi kimya ni wengi kuliko hao, na hawana chumba.

Kuna karatasi moja iliyowatia watu wa makumbusho yale katika kazi ya miaka. Wakimtafuta yule Joseph Moore wa Ayalandi katika kitabu cha anwani za jiji, waliona Joseph Moore wawili, mmoja chini ya mwenzake. Wote wawili wahudumu wa hoteli na migahawa. Tofauti yao ni kifupisho kidogo kilichowekwa kando ya jina la mmoja, herufi chache tu za kumjulisha msomaji kwamba huyu ni mtu mweusi. Huyo hakuwahi kukaa namba 97. Alizaliwa huru New Jersey, akaja New York kutafuta maisha kama wote wale, akaishi na mkewe Rachel upande mwingine wa mji, mahali ambapo sasa panaitwa Soho. Mwishoni mwa 2023 makumbusho yalifungua makao yao, yamejengwa upya ghorofa ya juu ndani ya nyumba ambayo Joseph huyu hakuwahi kuikanyaga.

Wapo waliolalamika. Walisema makumbusho haya ni ya nyumba hii, na watu wa nyumba hii ndio wenye haki ya vyumba vyake. Hoja hiyo siidharau. Nyumba ina ukweli wake, na ukianza kuingiza wageni utaishia wapi? Lakini nilipofika pale juu nikaona kitu ambacho ghorofa za chini hazikunionyesha. Kule chini kila mtu alikuwa ametoka mbali akaja kuwa Mmarekani. Joseph na Rachel walizaliwa Wamarekani, na kitabu cha anwani bado kikaona ni lazima kionye. Walikuwa wakuja katika nchi yao. Sisi watu wa pwani neno hilo, mkuja, tunalijua vizuri, na tunajua linavyoweza kumganda mtu hata kizazi cha nne.

Nirudi chini. Kuna makao mawili yaliyonichekesha na kunihuzunisha kwa sababu ya lugha yetu, na yule dada nilipomweleza hakuelewa kabisa ninacheka nini. Katika moja aliishi Abraham Rogarshevsky, Myahudi kutoka Lithuania, na mkewe Fannie na watoto sita. Abraham alikuwa mpiga pasi katika karakana ya nguo. Mvuke, vumbi la vitambaa, madirisha yamefungwa. Mwaka 1918 kifua kikuu kikamuua. Wenyewe waliuita ugonjwa wa mafundi cherehani. Fannie akamwomba mwenye nyumba kazi ya usafi wa jengo, afagie zile ngazi zinazolia, ili asilipe kodi kama wengine. Katika makao mengine waliishi Adolfo na Rosaria Baldizzi kutoka Sisili. Rosaria aliingia Marekani katika miaka ya 1920 kwa pasi ya kughushi. Basi nyumba moja, pasi mbili: ya chuma ilimuua Abraham, ya karatasi ilimwokoa Rosaria.

Na mumewe, Adolfo, fundi seremala wa kabati na meza, aliingiaje? Alizamia. Hasa hivyo, kama vijana wetu wa bandari ya Dar es Salaam na Mombasa walivyokuwa wakizamia meli wasijue zinakwenda Durban au Ugiriki. Alijificha melini akateremka New York. Nilipomweleza shemeji jioni, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Mzungu alizamia?" Shemeji yangu ana miaka mingi Marekani na hakuna aliyewahi kumwambia.

Njia ya halali ilikuwa ikizibwa. Mwaka 1924 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mafungu, kila nchi na idadi yake kwa mwaka. Waitaliano, ambao katika baadhi ya miaka ya kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia walikuwa wakiingia zaidi ya 200,000 kwa mwaka mmoja, wakapewa nafasi 3,845. Wajerumani wakapewa zaidi ya 51,000. Na ukishuka chini kabisa ya jedwali lile, kwa subira, unakuta jina letu: Tanganyika, watu 100. Ruanda-Urundi, watu 100. Mia moja ndiyo iliyokuwa idadi ya chini kabisa waliyoiweka. Nilijaribu kumfikiria mtu wa Tabora mwaka 1924, ana nauli ya meli na habari za fungu lake, nikashindwa. Lakini karani mmoja huko Washington alikaa akatuandika.

Sebule ya akina Baldizzi ndiyo iliyoniweka sana, na si kwa sababu ya vitu. Vitu ni vile utakavyovikuta popote: meza, vikombe, beseni la kufulia ambamo watoto wawili, Josephine na Johnny, waliogeshwa jikoni. Yule dada alibonyeza kitufe. Ikatoka sauti.

Ni sauti ya Josephine mwenyewe, akiwa bibi mzima. Alikaa namba 97 akiwa mtoto, tangu kama 1928 hadi siku ile ya 1935 walipotolewa. Makumbusho yalipoanza, akajitokeza, wakamketisha na kinasa sauti. Na mara nyumba yote ikageuka. Anaeleza mama yake alivyokuwa msafi hata akapewa jina la utani kwa ajili ya kusugua kwake. Anaeleza miaka ya shida kuu ya uchumi, baba hana kazi, anatembea na kisanduku cha vifaa vyake kutafuta kibarua, na serikali inagawa jibini la msaada katika maboksi ya mbao. Jibini likiisha, mama anatia udongo katika boksi, anapanda maua, yale yanayotambaa na kufunguka asubuhi, na kuyaweka nje kwenye ngazi ya chuma ya kukimbilia moto. Anaeleza redio ya Kitaliano jikoni, na mama yake akiisikiliza na kulia kwa kuwakumbuka wa nyumbani.

Kitabu gani cha serikali kingeandika maua yale? Mgawaji wa jibini aliandika jibini. Mkaguzi wa moto angeandika kwamba ngazi ya dharura imezibwa na maboksi. Hayo yakajulikana kwa sababu mtu mmoja alikuwa hai bado, na mwingine akawahi kumwuliza. Na mimi ambaye kula yangu inatokana na kuzungumza ndani ya kisanduku hiki unachokisikiliza, nimesimama katika jiko la Mtaliano nikisikia habari za mwanamke aliyelia mbele ya redio. Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Sitaki udhani ni mahali patakatifu. Bei ya tiketi sitaitaja. Nitasema tu kwamba kwa fedha ile, kule Mbagala unapata chumba mwezi mzima, na ukimbembeleza mwenye nyumba anakuachia na umeme. Ukitoka nje, Mtaa wa Orchard una baa za vijana wenye fedha na maduka ya picha za kuchora, na hakuna Fannie wala Rosaria wa leo anayeweza kupanga hapo. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 makumbusho yenyewe yaliiomba serikali ilitwae kwa nguvu ya sheria jengo la jirani, namba 99, ili yapanuke. Mwenye jengo akakataa, mpango ukafa. Baadaye yakapata jengo jingine, namba 103, na humo sasa kuna familia za miaka ya karibuni zaidi: Wayahudi walionusurika mauaji ya Hitler, mama wa Puerto Rico na wanawe, Wachina ambao mama yao alishona nguo kiwandani. Nilipita humo kwa haraka, miguu inauma. Nakumbuka cherehani tu. Tangu 1863 mpaka familia ile ya Kichina, kila ninapoingia nakuta cherehani.

Usiku ule usingizi ulikataa. Nilikuwa nafikiria daftari la bibi.

Bibi alikuwa hajasoma zaidi ya msahafu na hesabu, lakini alikuwa na daftari la kodi, lile la jalada gumu, limefungwa na utepe wa kanga. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na miti, bati juu. Sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majumba haikumgusa, maana ilikuwa ya majengo ya thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na ya bibi hata ukiiuza pamoja na kuku haifiki huko. Wapangaji wake walikuwa Kariakoo ileile ambayo jina lake tu ni la wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita ya Kwanza. Mzee wa Kimanyema chumba cha mbele. Mngazija mshona kofia. Mshihiri wa kahawa na birika lake. Wanyamwezi wawili ndugu, chumba kimoja, zamu mbili. Mama mmoja wa Kirufiji wa maandazi. Na daftari lilikuwa na utaratibu wake. Aliyelipa alipigiwa alama ya vema, basi. Asiyelipa ndiye aliyeandikwa: "Anasema mke anaumwa." "Kaomba mpaka mavuno." Na mmoja, nakumbuka mpaka mwandiko ulivyolala upande: "Katoka asubuhi, hakurudi. Kitanda nimekichukua."

Julius Gumpertz wa kwetu. Sijui hata jina lake.

Bibi alipofariki nyumba iliuzwa, sasa pale pana ghorofa la maduka ya simu na mabegi. Daftari baba alimpa mama wa jirani, akafungia karanga. Simlaumu, karatasi ilikuwa adimu na sote tulizila karanga zile.

Niliporudi nyumbani, wiki ile ile, nilikwenda Temeke kwa shangazi. Ndiye wa mwisho aliyebaki katika wale walioishi katika nyumba ile, na miaka yake imepita themanini. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikamwuliza yule mzee wa Kimanyema aliitwa nani.

"Yupi? Wa chumba cha mbele? Yule si Mmanyema, watu walimwita tu. Alitoka Kigoma, mama yake ndiye Mmanyema. Hakuwahi kuchelewesha kodi hata siku moja, yule baba. Kila Ijumaa anatununulia sisi watoto kashata, kila mtu kipande chake, na mwenye adabu anapewa viwili."

Hakuwahi kuchelewesha kodi. Kwenye daftari angekuwa alama za vema tu.

"Alikuwa akiimba huyo," shangazi akaendelea, na mikono bado iko kwenye ungo, "lakini akiimba anafunga mlango. Sisi tunakwenda kukaa chini ya dirisha..."

Nikamwomba asubiri. Nikatoa kinasa sauti mfukoni, nikakiweka juu ya mkeka, taa nyekundu ikawaka.

Akasimamisha mikono. "Ndiyo unarekodi hapo?"

"Ndiyo, shangazi. Endelea tu."

"Ngoja kwanza." Akasukuma ungo pembeni, akainuka taratibu, akashika ukuta. "Nileteeni kanga yangu mle ndani, ile mpya, nijitande."

"Shangazi, ni sauti tu. Hakuna atakayekuona."

"Hata kama."